Kiti Kirefu cha Mwalimu Shekuwe

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa mji, na mji ukawa na viti.
Na viti vikawa na watu?
Vikawa na wanaume. Sikilizeni.

Hapo zamani za kale, katika mji ambao jina lake tumelisahau lakini tabia zake tunazo, alikuwapo kadhi mmoja, Mwalimu Shekuwe. Siku moja alifundisha barazani kwamba mwenye elimu ana daraja ya juu, na mwenye daraja ya juu yuko karibu na Mola wake. Maneno mazuri. Hakuna aliyeyapinga. Tatizo ni kwamba walipotoka hapo walikwenda kumwita seremala.

Ko, ko, ko. Aliyesoma kidogo akachongewa kibao. Aliyehitimu akachongewa kiti. Aliyejiona amehitimu sana akaweka kiti juu ya meza. Mwalimu mwenyewe akajengewa kiti cha kupandia ngazi, hata kilemba chake kikawa kinasugua makuti ya paa. Kwaru, kwaru. Vumbi la makuti likawaangukia walio chini, nao wakaliita baraka.

Wanawake walibaki mkekani. Kisha ikatungwa sheria: neno la chini halipandi. Asemaye kutoka mkekani hasikiki, basi asijisumbue.

Sasa alikuwapo Mwanashumi, binti aliyefiwa na baba. Fungu lake la urithi lilikuwa shamba la minazi kando ya kisima, na ndilo lililomlisha yeye na mama yake. Kaka yake, Mbwarali, akalimeza bila kutafuna. Mwanashumi akaenda barazani kushtaki.

“Mwalimu, nimenyang'anywa shamba langu.”

Kilemba kikasugua makuti. Kwaru, kwaru.

“Mwalimu, shamba langu.”

“Kwani kuna mtu anasema?” akauliza Mbwarali kutoka juu ya meza yake. “Mimi nasikia kama panya vile.”

Wenye viti wakacheka. Mwanashumi akainuka, akaenda kwa Bi Mwatime.

Bi Mwatime, Mungu amrehemu, ndiye mwanachuoni mkongwe aliyefundisha nusu ya mji kusoma. Mwalimu Shekuwe alifu na bee alizitoa kwake.

“Bibi, hawanisikii.”

“Watakusikia, mjukuu wangu. Alasiri inaingia. Twende.”

Wakafika barazani, adhana ikalia. Mwalimu akaanza kushuka. Ngazi kriii, kriii. Akapita usawa wa meza, akapita usawa wa viti, akafika mkekani. Akamkuta Bi Mwatime.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Unashuka kwenda wapi?”

“Kuswali.”

“Si uswali hukohuko juu?”

“Hapasujudiki, Bibi. Nafasi haipo.”

“Na mja huwa karibu zaidi na Mola wake akiwa katika hali gani? Nilikufundisha, usinitie aibu.”

Mwalimu akakohoa. “Akiwa amesujudu.”

“Paji la uso likiwa wapi?”

“Chini, Bibi.”

“Basi unapanda ili ukaribie, kisha unashuka ili ukaribie. Mbona unachosha ngazi ya watu?”

Siku hiyo sijda ya Mwalimu ilikuwa ndefu. Alipoinuka, kitini hakurudi.

Mngedhani yamekwisha. Hamuwajui watu wa viti. Kulipokucha walikuja barazani na majembe. Kama karibu ni chini, basi tuchimbe. Pu, pu, pu. Mwenye kibao akachimba shimo la magoti, mwenye kiti shimo la kiuno. Mbwarali, asiyekubali kupitwa, akachimba mpaka kilemba kikazama.

“Nani yuko karibu sasa?” akauliza kutoka ndani.

Mchanga hauheshimu daraja. Ukaporomoka, poromo, ukamfukia hadi kifuani.

“Jamani, nakufa. Nitoeni.”

Wenzake walikuwa mashimoni mwao wakibishana nani kazama zaidi. Mwanashumi, aliyekuwa amerudi na Bi Mwatime kudai shamba lake, akakimbilia kamba ya kisimani.

Bi Mwatime akamgeukia kadhi. “Shekuwe, kuna mtu anasema?”

“Yuko, Bibi. Ni Mbwarali.”

“Yuko wapi?”

“Chini.”

“Na neno la chini, sheria yenu inasemaje?”

Sauti ikatoka shimoni: “Linapanda, Bibi. Wallahi linapanda.”

“Haya, shahidi ni yeye mwenyewe. Basi na la huyu binti lilipanda. Lilikwama masikioni mwenu.”

Mwanashumi hakungoja hukumu. Kamba ilikwisha kufika shimoni, naye alikuwa akivuta. Kaka yake alipotoka, ndevu zimejaa mchanga, Mwalimu Shekuwe aliketi palepale chini, mbele ya wote, akahukumu: shamba ni la Mwanashumi. Mbwarali akaenda zake kwa njia ya mbali, asilikanyage.

Juu na chini, karibu na mbali, ni maneno tuliyopewa yatusaidie kufahamu. Ni ngazi. Mpumbavu huikalia ngazi akadhani amefika. Mola hakaribiwi kwa kimo cha kiti wala kina cha shimo. Anza kwa kumsikiliza uliyemketisha mkekani.

Hadithi yangu nimeiketisha hapa chini. Aliye juu akiitaka, ngazi anaijua.