Marashi ya Bwana Syengo

Ndolo, digrii sandukuni na njaa tumboni, alikuwa amejificha na upinde wake siku tatu katika kibanda cha matawi kando ya dimbwi, akimvizia swala. Bwana Syengo, aliyerithi ranchi yote bila kurithi haya, akaja na upinde mpya na chupa ya marashi mfukoni.

"Out! Dimbwi langu, swala wangu."

"Sawa, bosi. Nikimpata kule korongoni je?"

"Chukua! Nani hupita huko?"

"Thank you, sir. Ila humu kibandani mna mbu. Jipulizie marashi yako, hawatakugusa."

Ndolo akaenda korongoni; Syengo akaingia kibandani, akajimwagia nusu chupa. Swala alifika, akanusa, akatimka hadi korongoni, mbele ya mshale wa Ndolo.

"Amefikaje kwako?" Syengo alifoka.

"Umemfukuza wewe, bosi. Mimi peke yangu ningewezaje kukaa huku na kunuka kule?"