Kinu Kilichochoka Kusingiziwa

Haya, sogeeni niwape. Tupe!

Hapo kale Mize aliolewa na zimwi lililovaa sura ya mtu. Barazani lilichekesha watu, ndani lilimpiga mkewe, kisha likamwonya, "Ukiulizwa, sema umejikwaa kwenye kinu."

Mara ya kwanza Mize alisema hivyo. Mara ya pili alisema hivyo. Mara ya tatu, kinu kikamnong'oneza, "Mwanangu, niazimishe kwa watu."

Kwa jirani kulikuwa na harusi, na wanawake walikuwa wakiazima vinu; Mize akakitoa chake. Zimwi, kwa kupenda sifa, likakibeba lenyewe begani hadi uwanjani. Bi Mwaka, mama wa bibi harusi, alipotwanga pigo la kwanza, kinu kikaimba:

"Si mimi ninayemuumiza Mize,
ni mumewe, ni mumewe!"

Michi yote ikasimama.

"Ala! Kumbe mcheshi wetu wa barazani!" akasema Bi Mwaka.

Kwa hofu zimwi likaota mkia mbele za watu. Wanawake wakalitimua kwa michi hadi porini.

"Mbona hukutuambia, mwanangu?" Bi Mwaka akamuuliza Mize.

"Niliogopa hamtaniamini."

"Tungekuamini hata bila kinu."

Mize akaketi, akaeleza yote. Tangu siku hiyo kinu hakikusema tena, maana Mize alisema mwenyewe.

Mimi nimetwanga, ninyi pepeteni.