Msitu wa Sange Umejaa

Hapo zamani za kale, na wewe unayemfinya mwenzako acha nianze, palikuwa na msitu mdogo, mdogo hata ukipiga chafya upande huu inasikika upande wa pili. Humo mliota mbambakofi, mbungo, na mfuu mmoja wenye matunda meusi matamu.

Aliyebaki humo ni Sange tu, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu. Wenzake walihama mwaka wa ukame. Yeye alikataa kuuacha mfuu alioupanda mama yake. Kila asubuhi alifagia vijia vyote, ingawa hakuna aliyepita.

Siku moja ardhi ikatikisika. Tii! Tii! Tembo na Nyati hao!

"Hodi!" Tembo akanguruma. "Tumesikia humu hamna mtu. Tunahamia!"

Sange akawaza: Tembo akiingia, mfuu wa mama utang'oka leo leo. Akajificha kichakani, akakohoa kizee.

"Kho! Kho! Karibu, mjukuu wangu. Mbona hunisalimii?"

Tembo akashtuka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetuletea nini?"

Tembo akamtazama Nyati. Nyati akatazama kwato zake.

Puruuu! Sange akapita kwenye vijia vyake, akaita kutoka mbungoni kwa sauti ya kitoto: "Mjomba Tembo kaja! Katuletea nini?"

Puruuu! Nyuma ya mbambakofi, kwa sauti nzito: "Na sisi wakwe, tumeletewa nini?"

"Lo! Ukoo mzima!" Nyati akanong'ona. "Na sisi mikono mitupu! Uso tutauweka wapi?"

"Bibi, tumesahau kitu nyumbani!" Tembo akapiga kelele. "Tunarudi sasa hivi!"

Wakatimua mbio, na mpaka leo hawajarudi.

Sange alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kisha akageuka amsimulie mtu. Hapakuwa na mtu. Kicheko kikamwishia mdomoni, akarudi kufagia.

Mvua zilipokatika, asubuhi moja akiwa na ufagio wake, akasikia majani: chaka, chaka.

"Hodi," ikasema sauti ndogo.

Sange hata hakuchungulia. Mbio kichakani!

"Kho! Kho! Umetuletea nini?"

Ile sauti ikasema, "Nisamehe, bibi. Sina kitu. Niko peke yangu, natafuta pa kukaa tu. Kumbe mmejaa."

Chaka, chaka, chaka. Miguu ikaenda zake.

Sange akatupa ufagio, akakimbia hadi ukingoni mwa msitu. Mchangani palikuwa na nyayo ndogo kama zake, na mstari wa mkia mrefu kama wake.

"Rudi! Hakuna bibi! Ni mimi tu!"

Maskini, aliita mpaka koo likamkauka. Hakuitikiwa.

Basi, wanangu, ujanja uliomfukuza adui usimfanyie kila anayebisha hodi, kwanza chungulia.