Firigisi ya Siwema

Hapo zamani, si za kale sana, maana kuku walikuwa wameshaanza kuchanjwa, palikuwa na binti wa Kizaramo akiitwa Siwema. Shavu lake la kushoto lilivimba. Halikumuuma, basi kila mtu akajifanya haoni. Adabu hiyo, jamani! Adabu ya kuua mtu!

Siku moja, msibani, akaja Mihayo, Mnyamwezi, mtani wao. Watani mnawajua: hata maiti humtania. Akamkodolea Siwema macho, akapaza sauti: "Wee Mzaramo! Kitumbua cha marehemu umekificha shavuni? Kiteme tugawane!"

Watu wakaangua kicheko. Siwema akalia kwa uchungu, akamchukia Mihayo palepale. Lakini mama yake, kwa aibu, akalishika lile shavu. Gumu kama kokwa! Kesho yake wakaenda hospitali.

Dokta Nandera akasema, "Ni uvimbe wa taya, tena wa nadra. Si saratani, ila tukiuacha utalila taya lote." Akaukata, akachukua mfupa nyongani mwa binti, akamuundia taya jipya. Kutwa nzima amesimama.

Ikafuata miezi ya uji. Uji asubuhi, uji mchana, uji jioni. Siwema akachoka, akagoma, akakonda. Bibi yake, Mwavita, akala kiapo: "Chakula changu ni uji wako. Usipokunywa, nami sinywi; tunakufa njaa wawili." Ugali ukapita, pilau likapita, bibi hakugusa. Siwema akamwonea huruma, akanywa, akapona.

Siku aliyoruhusiwa kutafuna, jogoo akachinjwa, na Mihayo na dokta wakaalikwa. Firigisi ni ya mheshimiwa, na haigawanywi. Mama akamkabidhi Siwema: "Mpe anayestahili."

"Ni yangu!" akasema Mihayo. "Ningekuwa na adabu kama nyie, leo tungekuwa kwenye matanga yako."

"Mzee, wewe ulitaka kuchekesha tu," akasema dokta. "Mdomo wako haukuutoa uvimbe. Mikono yangu ndiyo iliyoutoa."

"Hiyo ni kazi yako, mwanangu," akasema bibi. "Mimi nani alinituma? Na taya jipya lingemfaa nini aliyekufa njaa?"

"Bibi, una meno mawili! Firigisi ya nini?" akachokoza Mihayo.

"Nitaimung'unya mpaka Idi!"

Siwema akacheka, na kucheka hakukumuuma. Akawatazama wote: aliyemliza, aliyemkata, aliyekonda naye. Chuki ya msibani ilishamtoka; aliwapenda watatu hao, na mchuzi ulikuwa unapoa.

Haya, wenzangu, msiniambie ikatwe vipande. Firigisi ni moja. Je, nani alistahili?