Jina la Chura wa Lumbweni

Sogeeni. Nina kesi imenishinda, na nyinyi mnaopenda kuhukumu leo mmepata kazi.

Kinamasi cha Lumbweni kilikutanisha watu watatu. Sikudhani alijaliwa masikio. Mzee Ngwega, mpiga pondo wa mtumbwi, alijaliwa mikono. Dakta Mlaponi wa maabara ya mjini alijaliwa macho.

Sikudhani alikuwa ametoka chuoni juzijuzi, na ajira yake ya kwanza ikawa kukaa peke yake kambini akichunguza viumbe wa kinamasi. Nyumbani walisema msomi mzima kaenda kucheza na tope. Mzee Ngwega alimletea chakula kila Jumatatu, akaondoka. Siku nyingine hakuwa na wa kumwambia hata pole. Upweke ulimuuma, tusifichane. Alasiri moja ya mvua akasikia mlio asioujua, kama kijiko kinachogonga kikombe. Uligonga, ukanyamaza, usijibiwe. Angekuwa na mwenzake wa kupiga naye soga, asingeusikia. Tangu hapo aliungoja kila alasiri, akauitikia kwa ulimi.

Akamweleza Mzee Ngwega. Mzee akaufuata mlio kwa mtumbwi katikati ya mafunjo, pasipopitika, akatumbukiza mkono kwenye maji meusi asipoona kitu. Akautoa na chura mdogo kiganjani, mzima kabisa. Mwingine angemponda.

Ikafika zamu ya Dakta. Kwa desturi ya kazi yao, chura hakubaliwi kuwa wa aina mpya mpaka mmoja ahifadhiwe kwenye spiriti. Sikudhani alimtia chupani mwenyewe, huku analia, akampeleka mjini. Wote maabarani walimwona chura wa kawaida. Dakta akamfunua vidole, akaona utando usiofanana na wa chura yeyote anayejulikana.

Sasa chura akahitaji jina, moja tu, lisilofutika. Anayeandika maelezo yake ndiye anayempa, ila ni aibu kumpa jina lako mwenyewe.

“Andika wewe, binti yangu,” Dakta alimwambia. “Ndiyo kazi itakayokutambulisha. Ukitaka aitwe kwa jina lako, basi nitaandika mimi.”

Kisha akasema polepole kwamba anastaafu mwaka huu, na hakuna kiumbe hata kimoja chenye jina lake.

Jumatatu Mzee Ngwega alishusha unga, na safari hii hakuondoka upesi. “Mimi sikujaliwa mtoto, mama,” alisema. “Nikifa, hakuna atakayeitwa Ngwega.”

Alasiri mvua ikanyesha. Sikudhani akaketi mlangoni, akaita kwa ulimi. Hakuna kilichoitikia. Yule aliyemzoea alikuwa chupani.

Haya. Mmoja alisikia, mmoja akashika, mmoja akatambua. Ondoa yeyote kati yao, chura hakuna. Je, wewe ungempa nani jina? Amua, lakini usikawie. Sikudhani angali mlangoni na kalamu mkononi, na hana wa kumuuliza ila wewe.