Simu Nyuma ya Sava

Wahenga hawakuwa na mchezo waliposema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Walimwona mgonjwa akijikaza kisabuni na kuwaambia watu kuwa hajambo, mpaka matanga yakamtolea siri. Lakini methali hii haiwahusu wagonjwa wa kitandani peke yao. Yako maradhi ya moyo ambayo hayapimwi hospitalini, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakimla Gacheri, mkewe Mwalimu Kailemia, katika nyumba yao ya mtaa wa Dallas, mjini Embu.

Gacheri alikuwa na hamu ya mwanawe. Mugambi, kifungua mimba wake, aliacha chuo cha ualimu mwaka wa mwisho akaenda Uarabuni kuendesha malori. Baba yake alipandwa na mori, akatangaza kwamba jina hilo lisitajwe tena chini ya paa lake. Miaka minne ilipita. Mara nyingine Gacheri alipokuwa akiandaa meza siku ya Jumapili alijikuta ametoa sahani moja zaidi, akairudisha kabatini upesi kabla Mwalimu hajaiona.

Kabla ya kuondoka, Mugambi alimwachia kabambe kuukuu, simu ndogo ya vitufe. "Nikipiga kwa laini yako, Baba ndiye atashika," alisema. "Hii uweke siri." Kila baada ya majuma mawili simu hiyo ilitetema katika mfuko wa sweta, naye Gacheri akakimbilia nyuma ya nyumba kunong'ona katikati ya migomba. Mara ya mwisho Mugambi alimwambia, "Mama, nimeomba likizo. Nikipewa, nitakupigia nikifika Nairobi. Ukisema nije, nakuja. Usiposema, siwezi kuja kufukuzwa tena." Gacheri akaapa kwamba simu hiyo haitazima hata kwa dakika moja.

Shida ilikuwa chaji: chaja ya kabambe ilikuwa imeungua, ukabaki waya tu, naye Mwalimu ya kwake hakuiacha hata akienda shamba. Mwalimu alikuwa na kompyuta kuukuu ya ofisi ambayo aliigeuza kuwa sava ya nyumbani, akahifadhi humo nyimbo za kwaya na mitihani ya miaka iliyopita. Ilikaa stoo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na nyuma yake palikuwa na matundu sita ya USB yasiyochunguliwa na mtu. Mwalimu alipokwenda kwenye shamba lake la ndengu kule Gachoka, Gacheri alichomeka kabambe hapo. Ncha ya waya ilikuwa imelegea, basi akaikaza kwa karatasi ya kung'aa ya chingamu, vile watu wanavyokaza betri za tochi. Moto ukashika, naye akajiona fundi.

Siku ya tatu matundu yote yalikufa. Diski ya nyimbo haikuonekana na kibodi iligoma. Mwalimu, aliyefundisha fizikia miaka thelathini, alikunja mikono ya shati. Alibadilisha waya, wapi. Akazima sava, akaichomoa ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, akangoja kidogo, akaiwasha. Matundu yakafufuka, naye akatembea kifua mbele siku nzima. Aliporudi kutoka Gachoka kesho yake, yalikuwa yamekufa tena. Juma zima likaenda hivyo, yakifa siku za shamba tu, lakini msomi wetu akawalaumu panya.

Mwishowe alimwita Kivuti, fundi wa kompyuta aliyekuwa mwanafunzi wake.

"Mwalimu, hii rekodi yake inasema tundu ya nne inavuta moto mingi kupita kiasi," Kivuti alisema. "Mashini inazima hizi tundu ndio isiungue. Kuna kitu inachomekwa hapa. Kuna mtu mwingine huitumia?"

Mwalimu akamgeukia mkewe. "Mama, ni wewe?"

Neno lilimfika Gacheri ulimini. Lingetoka, shida ingekwisha kwa dakika moja. Lakini alilimeza. "Mimi? Hata kuiwasha sijui," alijibu, akajilazimisha kucheka.

"Basi itakuwa ni bodi ya ndani," Kivuti akasema. Akaibeba sava hadi dukani kwake, akaagiza bodi nyingine.

Kumbe alikuwa amebeba matumaini ya mama wa watu. Chaja iliyobaki ilining'inia kando ya kiti cha Mwalimu mchana na kando ya mto wake usiku, naye bila sava yake hakwenda tena shamba wala popote. Alishinda kitini akingoja kupigiwa na Kivuti. Gacheri angeipeleka simu kwa fundi yupi, na mafundi wa Embu nzima wamefundishwa na Mwalimu? Akimpa jirani, kufikia Jumapili kanisa zima lingejua. Siku ya pili kabambe ikalia mlio wa kuishiwa, ikazima. Mara ngapi alifika mlangoni pa sebule akiwa na maneno tayari, kisha akaishia kuuliza kama Mwalimu angependa chai!

"Naona unakonda," Mwalimu alimwambia siku moja.

"Ni jua tu."

Baada ya siku kumi, Jumatatu, Kivuti alirudisha sava. "Bodi haikuwa na makosa, Mwalimu. Nilipofungua nikapata hii ndani ya tundu ya nne." Akamwekea kiganjani kipande cha karatasi ya kung'aa kilichoungua, akaenda zake.

"Nani anatafuna chingamu hapa nyumbani?" Mwalimu aliuliza.

Gacheri aliingiza mkono katika mfuko wa sweta. Alitoa kabambe, akaiweka mezani. "Ni ya Mugambi," alisema, kisha akaeleza yote huku akilia.

Alingoja radi. Mwalimu aliketi polepole. "Mama Mugambi," aliita, "miaka yote hii nilikuwa nangoja umtaje. Ungemtaja mara moja tu, ningesema aje. Mimi mwenyewe nilishindwa nianzie wapi."

Akachukua chaja yake, akaukaza ule waya kwa kidole gumba na kuushikilia nusu saa bila kusogea. Simu ikawaka. Jumbe tatu zikaingia, Gacheri akazisoma kwa sauti.

Ya Jumanne: "Mama, nimefika Nairobi. Niko na siku nne. Niambie nije."

Ya Alhamisi: "Simu yako imezima. Nimefika hadi stendi ya Embu, nimekaa hapo mpaka saa kumi. Nimeogopa kuja bila neno lako. Narudi."

Ya Jumamosi: "Niko uwanja wa ndege. Mkataba mpya ni miaka mitatu. Kama Baba anaweza kusalimiwa, msalimie."

Mwalimu aliipiga namba iliyotuma jumbe hizo mara tano, na mara zote akaambiwa haipatikani. Wazee wawili walikaa pamoja, wakimlilia wazi mtoto ambaye kila mmoja alikuwa amemlilia kwa siri, naye yuko mbali ng'ambo. Hakika, mficha maradhi kifo humuumbua.