Mjane Aliyejibu Kutoka Viti vya Juu

Ndugu zangu, leo nina mfano mmoja tu, na nitausema polepole. Siku hizi sauti yangu haikimbii kama zamani, na sababu yake mnaijua. Nivumilieni.

Mjane mmoja aliishi kwenye mtaa wa wapondaji kokoto. Mtaani hapo palikuwa na ukumbi mdogo, ukuta wa matofali, paa la bati, mabenchi yasiyo na egemeo. Kila Jumamosi alasiri watu walijazana humo kutazama mchezo mmoja wa kuigiza. Mchezo wenyewe ulikuwa mmoja tu, kwa miaka miwili, na hawakuuchoka.

Ulimhusu mama ambaye mwanawe amefukiwa na kifusi machimboni. Watu wanachimba siku ya kwanza, wanachimba siku ya pili. Siku ya tatu anakuja tajiri mwenye machimbo, kashika karatasi na kalamu. Anamwambia, "Mama, kijana amekwisha. Tia saini hapa, watu waache kuchimba, kazi iendelee." Yule mama anaitazama karatasi. Kisha anawageukia watazamaji na kuwauliza, "Jamani, mwanangu amekwisha?"

Mchezo ulipotungwa, swali lile halikuwa na jibu. Watazamaji wangenyamaza, mama angetia saini, wachimbaji wangelaza sururu zao chini, na pazia lingefungwa. Lakini siku ya kwanza kabisa, kabla mama hajashika kalamu, mponda kokoto mmoja alisimama juu ya benchi na vumbi lake la kazini mwilini, akapaza sauti, "Bado!"

Ukumbi mzima ukampokea. "Bado! Bado!"

Mwigizaji akababaika. Akaiweka kalamu chini. Wachimbaji wakatazamana, kisha mmoja akaokota sururu, na mwenzake naye akaokota. Pazia likafungwa huku wanachimba. Baadaye mkuu wa kikundi akawaambia waigizaji wake, "Kuanzia leo mwisho wa mchezo uko mikononi mwa watu. Wakijibu, chimbeni. Wakinyamaza, mama atie saini."

Mponda kokoto yule ndiye aliyekuwa mume wa mjane wetu.

Miaka miwili watu walijibu, na miaka miwili sururu ziligonga. Jibu lile ndilo lililoutangaza mchezo. Habari zikafika mjini, kwenye ukumbi mkubwa wa viti elfu moja, viti vya kukunja vyenye mito, na mazulia kuanzia mlangoni. Wenye ukumbi wakauita mchezo uhamie kwao.

Hebu oneni furaha ya mtaa ule! Walikata kitenge sare. Wakabishana wiki nzima kuhusu rangi, nusura wanawake wawili marafiki wakosane kwa ajili ya shingo ya gauni. Mashabiki arobaini walijiandikisha kukaa pamoja safu za mbele. Yule mponda kokoto alikuwa akimwambia mkewe, "Siku hiyo nitajibu mpaka mazulia yao yatoe vumbi." Mkewe akacheka. "Wewe kikohozi hicho hakikuachi umalize hata sala, utajibu nini?"

Kikohozi hakikumwacha kweli. Vumbi la mawe lilikuwa limemwingia mapafuni siku nyingi. Ilikuwa imebaki miezi mitatu mchezo uhame alipozikwa.

Siku ya safari ilipokaribia, mjane akaenda kwa mwenyekiti wa mashabiki akiwa na nguo yake nyeusi. Akasema anataka kwenda.

Mwenyekiti akashangaa. "Shoga, na msiba wako huu? Watu watasema nini? Kitambaa cheusi kichwani, halafu uko kwenye michezo!"

"Waseme," mjane akajibu. "Tangu nimzike, kila anayekuja nyumbani ananiambia nikubali, amekwisha. Hata mashemeji zangu. Nataka nikae siku moja na watu wanaosema bado."

Mwenyekiti akatazama pembeni. Zile nafasi arobaini zilikuwa zimejaa. Mjane akapata kiti peke yake, ghorofani, mstari wa mwisho kabisa, karibu na ukuta.

Basi wakaenda. Walipofika mlangoni, mhudumu wa ukumbi, kijana mstaarabu mwenye tai, akawapa kila mmoja karatasi ya masharti. Kutokula ndani, kuzima simu, kutosema na waigizaji. Mwenyekiti akaisoma mara mbili. Akawageukia wenzake akanong'ona, "Jamani, mmeona? Tusije tukaonekana washamba. Leo tutulie."

"Na lile swali je?" mmoja akauliza.

"Mchezo si unajulikana unavyoisha? Hata tusipojibu watachimba. Tulieni, mpige makofi mwishoni kama watu."

Wakakubaliana. Je, walikuwa watu wabaya? Hapana, ndugu zangu. Walikuwa wamezoea. Walikuwa wameona sururu zikigonga kila Jumamosi kwa miaka miwili, mpaka wakadhani mwisho ule umeshaandikwa, na kwamba unaweza kwenda wenyewe bila mtu kuubeba.

Mjane hakuyasikia maneno hayo. Alikuwa anapanda ngazi.

Mchezo ukaanza, ukaenda vizuri. Kutoka juu kule mjane aliwaona waigizaji wadogo kama vidole, na vitenge vya wenzake vimejipanga safu mbili pale mbele. Tajiri akaingia na karatasi. Mama akaitazama. Akawageukia watu, akauliza, "Jamani, mwanangu amekwisha?"

Mjane akangoja. Alijua wenzake wako hatua tano tu kutoka jukwaani.

Kimya.

Akamwona mwigizaji akizitazama zile safu mbili za vitenge, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta ndugu zake kwenye umati. Wengine waliinamisha vichwa. Mwenyekiti alikuwa amekunja mikono yake vizuri mapajani.

Hapo mjane akasimama. "Bado!" akaita.

Lakini ule haukuwa ukumbi wa bati. Mapazia mazito yaliinywa sauti, mazulia yakameza iliyobaki. Akaita tena, na kilichomjibu ni watu wa mistari ya jirani. "Shh! Mama, keti!" Mhudumu akapanda ngazi mbiombio.

"Mama yangu, samahani, humu haturuhusu kujibu."

"Yule mama ameuliza," mjane akasema. "Mwanawe yuko chini ya mawe, ameuliza, na hakuna anayemjibu. Wewe kwenu mtu akiuliza hajibiwi?"

"Mama, ule ni mchezo tu."

"Basi niache nicheze. Bado!"

"Nitalazimika kukutoa."

"Nitoe. Ila nitasema njia nzima."

Na alisema njia nzima. Ngazi baada ya ngazi, mkono umeshikwa, kitambaa kimeteleza shingoni, "Bado! Bado!" mpaka mlango mkubwa ukafungwa nyuma yake, akajikuta nje juani kwenye vidato vya mlangoni.

Ndugu zangu, najua mnachongoja. Mnangoja niwaambie kwamba ukumbi mzima uliinuka, watu elfu moja wakajibu kwa sauti moja, naye akasikia kutoka nje. Mifano ya namna hiyo tunaipenda. Mimi pia naipenda.

Hakuna aliyeinuka.

Baada ya muda milango ikafunguliwa, wenye vitenge wakatoka. Wengine walikuwa wanalia. Mwenyekiti alikuja mpaka kwenye vidato akaketi chini, kitenge chake kipya mavumbini, asijali.

"Ametia saini, mwenzangu," akasema. "Leo ametia saini. Wamelaza sururu."

Yule mhudumu alikuwa amesimama karibu. Hakuwa na ubaya wowote. Akauliza kwa upole, "Kwani sivyo unavyoisha? Mimi nilidhani ndivyo unavyoisha."

Hapo nataka tusimame kidogo.

Watu elfu moja walirudi majumbani mwao siku ile wakiamini kwamba ndivyo mambo yanavyoisha. Kijana akifukiwa, amekwisha, mama anatia saini. Hawakudanganywa na tajiri. Tajiri alisema yake, na tajiri husema hivyo siku zote. Waliopaswa kumkatalia walikuwapo, walikuwa wamekaa mbele, wamelishika jibu kwa miaka miwili, na hawakulitoa kwa sababu ya mazulia.

Sisi ndio wale arobaini. Msigeuze shingo kumtazama jirani. Sisi. Humu kanisani, kwenye mabenchi yetu, tunakikatalia kifo kwa sauti ambayo hata wauza mboga wa barabarani wanaisikia. Tunapiga meza. Lakini tupelekwe mahali penye watu wazito, penye hema la kukodi na maua ya kununua, mtu aliyesoma kutuzidi aseme kwa upole kwamba marehemu ametutoka na mambo yamekwisha. Tunafanya nini? Tunakunja mikono mapajani. Tunasema, aa, imani yenyewe si inajulikana. Itajisemea.

Haijisemei! Ukumbi mdogo sauti moja iliutosha. Ukumbi mkubwa ulitaka zote arobaini, na arobaini zilikuwapo.

Yule mjane alimsikiliza mwenyekiti mpaka akamaliza kulia. Hakumtukana. Alijifunga kitambaa chake upya, akamuuliza mhudumu, "Kesho kuna onyesho jingine?"

"Lipo, mama, saa kumi. Lakini wewe sidhani kama watakuruhusu."

"Hilo tutaliona mlangoni." Kisha akawageukia wenzake. "Nani anakuja?"

Siwaambii ni wangapi walikuja. Sijui. Mfano wangu unaishia hapo kwenye vidato, kwa sababu kesho yao si kazi yangu. Kazi yangu ni kesho yetu.

Kesho saa nane mchana tunamzika kijana wetu wa kwaya. Ndugu zake wa mjini ni watu wakubwa, nao wamenitumia ujumbe. Wanasema, mchungaji, fupisha, watu wana shughuli, na yale maneno ya ufufuo yaguse kidogo tu maana wageni wengine hawana mambo hayo. Nimewajibu kwa heshima zote kwamba nitasoma somo lote la ufufuo, kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, na nitalisoma polepole, kama mnavyonisikia sasa. Mimi pia nimesimama kaburini mwaka huu, mikono yangu ina udongo wa mtu ninayempenda. Hakuna atakayenifundisha kunong'ona pale.

Lakini makaburi yale ni mapana, na sauti yangu peke yake haitafika kwa mama wa kijana. Kwa hiyo ninyi wa kwaya, na ninyi wamama, na ninyi wazee mnaopenda kusimama nyuma karibu na magari, kesho msisimame nyuma. Njooni mbele. Mzungukeni mama yule, mumjibu kwa sauti mkiwa karibu naye kiasi kwamba asisikie mtu mwingine yeyote.